Hatua ya Tano

Mchezo wenyewe, wa sataranji, una hatua saba tu. Kahawa haijachemka, shaha wa watu, yule mfalme wa kete, ameshakufa. Nimeucheza peke yangu mara zisizo na hesabu, na kila nikifika hatua ya tano huitua kete, nikaondoka kwenda kutafuta kazi jikoni hata kama kazi hakuna.

Niliujua mwaka wa tatu baada ya uhuru, Mkomani, mtaa wa kisiwani kwetu, nyumbani kwa baba. Nilikuwa na miaka ishirini na nimeachwa. Nilirudi kwetu na sanduku moja na ulimi wangu, na huo ulimi ndio ulionirudisha. Mume aliniambia mwanamke hajibu kila neno, nami nikamjibu. Basi. Wanawake wa mtaa walisema nitajifunza kunyamaza, na Mungu aniwie radhi, nilijifunza, tena kwa wakati mbaya kabisa.

Baba alikuwa mshona kofia. Alikaa ndani mchana kutwa, kitambaa cheupe cha bafta mapajani na sindano kidoleni, na mama kando yake akimtobolea vitobo ambavyo yeye angevizungushia uzi. Walishona hivyo miaka ishirini na mitano, magoti yao yakigusana, wakinong'onezana habari za watu. Sataranji ya baba haikuwa ubao, ilikuwa kitambaa. Nyumba nyeupe, yaani miraba ya kusimamia kete, aliziacha bafta tupu, na nyumba nyeusi mama alizijaza uzi mweusi, mshono wa karibu karibu, hata ukipitisha kidole unajua uko wapi. Kete zilichongwa zamani na mtu wa Pate. Moja ilipotea, kwa hiyo kitunda kimoja cheusi, yaani zile kete ndogo za mbele, kilikuwa kokwa ya tende.

Sataranji ya nyumba yetu ilikuwa na adabu yake, na adabu hiyo lazima niieleze kwa sababu bila hiyo sina la kusimulia. Kete yenye nguvu kupita zote ni waziri, anayesimama ubavuni mwa shaha. Ukimwelekea waziri wa mwenzako ukawa waweza kumla, kwetu ilikuwa sharti useme, "Bwana, waziri." Mwenzako atazame. Amwondoe, amkinge, au kama ni yeye aliyekosea, airudishe kete yake alikoitoa. Ndipo mcheze. Kumla waziri wa mtu kimya kimya ilikuwa sawa na kuingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi. Niliwahi kumwona baba akikunja kitambaa na kumwaga kete zote kwa sababu mgeni mmoja alifanya hivyo, na mgeni yule hakualikwa tena.

Mwalimu aliyetuletea mchezo ule alikuwa mtu wa bara, Mkristo, kijana mrefu aliyeletwa kufundisha skuli, na hakuwa na jamaa hata mmoja kisiwani. Alimkuta baba akicheza peke yake dakani, pale kwenye viti vya mawe mbele ya mlango, akaomba kujaribu. Akawa anakuja kila Ijumaa baada ya skuli. Alishindwa miezi miwili mfululizo, na alikuwa akishindwa kwa ucheshi, jambo lililompendeza sana baba. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya mlango na kahawa, tukisikiliza.

"Mzee, huyu si waziri," mwalimu alimwambia siku moja. "Katika vitabu ni malkia. Ni mke wa mfalme."

"Mke?" Baba akacheka. "Na ndiye mwenye nguvu kuliko wote?"

"Ndiye."

"Basi waliotunga wameoa." Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni, "Wamsikia, mama watoto?" Mama akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Wiki moja baada ya Maulidi mwalimu alimletea baba karatasi moja iliyong'oka kitabuni. Ilikuwa na mchezo wa kale, uliochezwa Ulaya yapata miaka mia mbili nyuma, hatua saba mpaka shaha kufungwa. Maneno yalikuwa ya Kiingereza na hatua ziliandikwa kwa herufi na tarakimu. Baba alisoma herufi za Kiarabu tu. Mimi nilikuwa na miaka yangu minne ya skuli, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nilishona herufi nane ubavu mmoja wa kitambaa na tarakimu nane ubavu wa pili, na asubuhi mwalimu akiwa skuli tukakaa baba na mimi, nikimsomea.

Nitaueleza, si mgumu. Mweupe anasogeza kitunda cha mbele ya shaha nyumba mbili, mweusi anajibu vivyo hivyo. Mweupe anamtoa ndovu, kete iendayo mshazari, amkodolee macho yule kitunda anayemlinda shaha mweusi ubavuni. Mweusi anasogeza kitunda kingine nyumba moja. Mweupe anatoa farasi, mweusi anatoa farasi. Mweupe anatoa farasi wa pili. Hapo mweusi anatoa ndovu wake mpaka ng'ambo, akamwelekea farasi wa kwanza wa mweupe, na nyuma ya farasi huyo, katika mstari ule ule, yupo waziri mweupe. Farasi amekuwa pazia. Akiondoka, waziri yu wazi.

Hatua ya tano, farasi akaondoka. Akaruka akala kitunda cha katikati, akamwacha waziri bila pazia.

"Soma tena," baba alisema.

Nikasoma tena. Ilikuwa hivyo hivyo. Ndovu mweusi akamla waziri, na yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Ndovu mweupe akala kile kitunda cha ubavuni mwa shaha, akatoa shaha, yaani akamtisha mfalme. Shaha hakuwa na nyumba ya kukimbilia ila moja, mbele yake, akaingia. Farasi wa pili wa mweupe akaruka katikati. Baba akajaribu nyumba zote kwa kidole. Nyuma ndovu, kando farasi, mbele ndovu na farasi, na nyumba zilizobaki zimejaa watu wa shaha mwenyewe. Amekufa, na waziri wa adui bado yuko mikononi mwa muuaji wake.

Baba akasema, "Huyu mweusi alisema?"

"Alisema nini?"

"Alisema, bwana, waziri?"

Nikamwambia karatasi haikuandika. Baba akaguna. Kwake hukumu ilikuwa imekwisha. Lau mweusi angesema kama mtu mwenye adabu, mweupe angetazama, angemrudisha farasi wake, na mweusi asingekufa. Alikula kimya kimya, akauawa na ukimya wake. Alimweleza mwalimu hivyo Ijumaa ile, kwa raha, na mwalimu akacheka mpaka akafuta macho.

"Mzee, lakini huko hawana sheria hiyo. Na tazama hapa chini." Karatasi ilimalizikia na sentensi moja iliyoanza tu, ikisema kwamba mweupe alibahatika, kwa kuwa katika hatua ya tano mweusi alikuwa na jibu la kumshinda. Jibu lenyewe lilikuwa ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili haukuwapo.

Hapo ndipo baba alipopotelea. Dawa iko wapi? Alianza kuitafuta kuanzia hatua ya mwisho kurudi nyuma. Alishona kofia huku kitambaa cha sataranji kimetandikwa mbele yake, akichoma sindano mara tatu, akisogeza kete mara moja. Mama akamtania kwamba ameoa mke wa pili na amemleta humu humu ndani.

Wiki ya tatu ya mambo hayo mama aliniita chumba cha kuogea. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Akainua mkono, akaushika wangu, akauweka juu ya ziwa lake la kushoto, upande wa kwapani. Palikuwa na kitu kigumu, kadiri ya kungumanga.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla hujarudi."

Nikamwambia twende hospitali, nikamwambie baba sasa hivi. Akanishika mkono ule ule, akaubana palepale kwenye uvimbe. Alisema hospitali ya hapa haina la kumfanyia. Watamvusha mpaka Mokowe, ng'ambo ya bara, wampakie basi, na mabasi ya siku zile yalisindikizwa na askari wenye bunduki, na akifika Mombasa atavuliwa nguo mbele ya wanaume na kukatwa. "Nife huko, nikaoshwe na watu nisiowajua? La. Babako akijua atanipeleka, hatanisikiza. Nakuapisha kwa ziwa hili lililokunyonyesha. Ukisema, sina radhi nawe duniani wala akhera."

Msomaji asiyetoka kwetu ataniona mpumbavu. Radhi ya mama si neno la kutishia mtoto ale uji. Nilikuwa mwanamke niliyeachwa, sina mtoto, sina changu, na nilichobaki nacho ni radhi ya wazazi wawili. Niliapa. Mimi, mtu aliyefukuzwa kwa kusema, niliapa kunyamaza, na nikaona kwa mara ya kwanza maishani nimefanya jambo la utiifu.

Tukaanza kuficha. Nilimpelekea mwalimu wa chuo cha Kurani habari ya "maumivu ya kifua", akaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, tukaiosha kwa maji ya waridi, mama akanywa kombe lake kila asubuhi. Siwezi kusema halikumsaidia, lilimpa moyo. Uvimbe ulikua. Kabla ya Ramadhani ngozi ilipasuka. Nikawa naiba vipande vya bafta ya kofia kumfungia kidonda, na nikawa nafukiza udi nyumba nzima, asubuhi na jioni, kwa sababu kidonda kilikuwa na harufu.

"Nyumba hii ina harusi?" baba aliuliza akiingia. "Kila siku udi, kila siku udi."

"Mtu akichoka kunukia ameshazeeka," mama alimjibu kutoka kitandani, na baba akafurahi, akaenda kukaa na kete zake.

Siku nyingine alisema bafta inakwisha upesi mwaka huu, labda panya. Nikasema ndiyo, panya. Nilisema upesi sana. Alinitazama kidogo, halafu akainama kushona.

Mara moja nilikaribia. Ilikuwa Ramadhani, mchana, mama amelala. Baba alikuwa amerudi kwenye hatua ya tano kwa mara ya mia, akaniita, "Ndoo, keti. Wewe ndiwe mweusi. Waziri wangu huyu hapa wazi, mato yako yamuona. Utasema au utanyamaza?"

Nilisikia mama akigeuka kitandani upande wa pili wa pazia. Kitanda kile cha kamba kililia kila alipojigeuza, na kikalia, kisha kikatulia. Alikuwa macho. Alikuwa anasikiliza.

"Nitasema, Baba," nikajibu.

"Vema," baba akasema. "Ndivyo nilivyokulea."

Nikanyamaza. Alikuwa mbele yangu, kokwa ya tende mkononi, ananitazama kwa mapenzi, na sikusema. Yapo mambo mengi niliyoyafanya vibaya katika umri wangu. Hilo ndilo ninalolilia.

Baada ya Idi ndogo mama hakuweza kuinua mkono kutoboa kofia. Alisema ni baridi. Baada ya Idi kubwa alianguka mlangoni mwa chumba cha kuogea, kanga ikamvuka, na baba ndiye aliyemwokota. Aliona vitambaa vyote. Aliijua bafta yake. Alimfunika, akatoka bila kofia kichwani, mtu ambaye sikuwahi kumwona nje kichwa wazi, akamleta daktari.

Daktari alikuwa na huruma, hakukemea. Alisema tu kwamba kabla uvimbe haujapasuka huenda pangekuwa na la kufanya Mombasa, na sasa ugonjwa umefika kwenye mapafu. Baba alimwomba arudie. Alirudia, polepole. Mama aliishi siku kumi na nane. Alioshwa na watu aliowajua, mimi nikiwa mmoja wao. Nilimwosha ziwa lile kwa mkono wangu, na radhi yake ninayo. Aliniambia mwenyewe kabla sauti haijakatika. "Umenisitiri," alisema. "Mungu akusitiri."

Matangani wanawake walisema, kama wasemavyo, mficha maradhi kilio humuumbua. Walimsema marehemu. Mimi nilikuwa ninawapakulia wali, na kila aliyesema nilimwona ananitazama.

Mwanamume hana eda, lakini baba alikaa ndani kama mwenye eda. Hakushona. Ijumaa mwalimu alikuja, akapewa kahawa, akaketi dakani peke yake nusu saa, akaenda zake. Ilipopita arubaini, asubuhi moja nilimkuta baba ametandika kile kitambaa. Alikuwa akipitisha kidole juu ya nyumba nyeusi, zile alizozijaza mama, moja baada ya moja. Kisha akazipanga kete na kucheza hatua nne za mwanzo bila karatasi, maana alikuwa akizijua kwa moyo. Hatua ya tano akamrusha farasi mweupe, waziri akabaki wazi. Akatazama. Haikupita muda wa kumaliza kikombe.

"Ndoo hapa, mwanangu."

Nikaja nikakaa.

"Mwaka mzima nimemtazama waziri," alisema. "Mato yangu yote kwake. Nani kamla, kasema, hakusema. Tazama farasi wa mweusi yuko wapi." Akamshika yule farasi aliyetoka hatua ya tatu, akamla farasi mweupe pale katikati. Ilikuwa basi. Waziri asiguswe, aachwe. Farasi mweupe amekwenda bure, na yule mweusi aliyemla amesimama akimlinda ndovu wake, na ule mtego wote umekufa kabla ya kutegeka. "Dawa ilikuwa rahisi. Mtoto angeiona. Ila ni hapa tu, hatua ya tano. Ya sita hakuna tena."

Akakaa akitazama. Mimi nikatazama mikono yake. Bila sindano ilikuwa haijui pa kukaa.

"Mamako alikwambia lini?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Nami nilikuwa na neno la kweli mdomoni, limekaa tayari mwaka mzima, na mama ameshakufa, na kiapo kimekwenda naye kaburini. Hakuna aliyenizuia. Lakini nilimwona alivyokonda, nikahofia nikimwambia kwamba wakati ulikuwapo, nami niliujua, nitamzika na yeye pia. Au nilijihofia mwenyewe, asinitazame tena. Sijui. Nadhani nilijihofia mwenyewe.

"Siku ile ile, Baba," nikasema. "Nilijua ulipojua wewe."

Akaitikia kwa kichwa. "Alhamdulillahi," alisema. "Basi hapakuwa na wa kusema."

Alizikusanya kete taratibu, akazitia mkebeni, na kitambaa akakikunja mara nne.

Mwalimu alihamishwa mwisho wa mwaka, akarudi bara. Alikuja kuaga Ijumaa, na baba kwa ajili ya heshima akakubali wacheze mmoja wa mwisho. Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia. Baba alicheza ovyo, alikuwa akizisogeza kete kama anayepukuta makombo. Nikasikia kimya kimeingia, na katika kimya hicho nikajua, maana nilikuwa nikiifuata michezo yao kwa masikio tangu zamani, kwamba mwalimu ameona kitu. Angeweza kula, na angeshinda kwa mara ya kwanza.

"Bwana," mwalimu alisema taratibu, kwa adabu ya kwetu kabisa, kijana wa bara, asiye na jamaa kisiwani. "Bwana, waziri."

Baba hakumwondoa waziri wala hakumkinga. Kwa upenyo wa mlango nilimwona ameweka viganja viwili juu ya kitambaa, juu ya nyumba nyeusi, na machozi yakimtiririka ndevuni bila kuyafuta.

"Ahsante, mwalimu," alisema. "Wewe umesema."

Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, nilipokuwa nimesimama, akautazama mlango muda mrefu. Aliishi miaka sita baada ya hapo na hakuniuliza tena. Siku ile mwalimu aliondoka bila kunywa kitu, kwa sababu kahawa ilikuwa mikononi mwangu na sikuweza kuufungua ule mlango.